Kamusi, Kopasi na Chaki: Nyenzo za Mtandaoni kwa Mwalimu Mpya wa Kiingereza

Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza ameandika katika daftari lake sentensi hii: “Our laboratory has few equipments.” Mwalimu mpya wa Kiingereza, kalamu nyekundu mkononi, anasita. Sikio lake linamwambia kuna kasoro, lakini hajui aieleze vipi. Kwa Kiswahili hakuna tatizo lolote: kifaa kimoja, vifaa viwili, vifaa vichache. Kwa nini basi Kiingereza kikatae kuhesabu kile ambacho mtoto anakiona kwa macho yake juu ya meza ya maabara? Mwalimu anaweza kuipitisha sentensi kana kwamba hakuona kitu. Anaweza pia kuikata bila maelezo, na mwanafunzi akabaki na alama nyekundu isiyo na funzo. Au anaweza kutafuta jibu.

Jambo hili si dogo kama linavyoonekana. Katika shule nyingi za msingi za serikali nchini Tanzania masomo hufundishwa kwa Kiswahili, na Kiingereza huwa somo mojawapo tu. Mwanafunzi akiingia Kidato cha Kwanza hukuta Fizikia, Historia na Jiografia zote zikifundishwa kwa Kiingereza. Nchini Kenya sera huelekeza lugha ya mazingira ya shule itumike katika madarasa matatu ya mwanzo, kisha Kiingereza kishike nafasi hiyo. Kwa hali zote mbili, kosa lililopita bila kusahihishwa katika kipindi cha Kiingereza huonekana tena katika jibu la Baiolojia, na mtahini wa Baiolojia hana muda wa kujua lilianzia wapi.

Mwalimu aliyehitimu karibuni hupewa na wenzake orodha ndefu za anwani za mtandaoni, wakati mwingine mia nzima kwa ujumbe mmoja wa simu. Orodha za namna hiyo hazimsaidii sana. Anachohitaji ni vyanzo vichache anavyojua kuvisoma, na cha kwanza kati ya hivyo ni kamusi ya aina maalumu.

Kamusi iliyotungwa kwa ajili ya mgeni wa lugha

Kamusi ya Kiingereza iliyoandikwa kwa ajili ya wazawa humweleza msomaji maana ya neno asilolijua. Haimwambii kama neno hilo lina wingi, wala kama kitenzi chake kinadai kihusishi, kwa sababu mzawa anayajua hayo tangu utotoni. Kamusi ya mwanafunzi wa lugha ilizaliwa kuziba pengo hilo. A. S. Hornby, Mwingereza aliyefundisha Kiingereza nchini Japani, aliandaa pamoja na wenzake kamusi iliyochapishwa Tokyo mwaka 1942, na mwaka 1948 Oxford University Press ikaitoa upya. Ndiyo chimbuko la Oxford Advanced Learner's Dictionary, ambayo leo husomwa bila malipo mtandaoni. Hornby aliijua vizuri shida ya mwalimu anayesimama mbele ya darasa ambalo lugha yake ya nyumbani haina uhusiano wowote na Kiingereza. Kwa hiyo kamusi yake ilieleza sarufi ya kila neno pamoja na maana yake.

Mwalimu wetu akifungua kidahizo “equipment” katika kamusi hiyo, au katika Cambridge Dictionary, au katika Longman, atakuta alama ya kuonyesha kwamba ni nomino isiyohesabika. Chini yake atakuta mifano, na humo ataona kwamba Kiingereza kikitaka kuhesabu vifaa husema “a piece of equipment”, “two pieces of equipment”. Jibu limepatikana: Kiingereza hukitazama kifaa kama sehemu ya kitu kizima, mfano wa Kiswahili kinavyoyatazama maji au sukari, ambavyo havihesabiki mpaka vitiwe katika kikombe au kipimo. Mwanafunzi anayejua kwamba hasemi “sukari tatu” bali “vijiko vitatu vya sukari” ataielewa hoja hiyo mara moja. Na mwalimu akishaigundua alama ile, ataona kwamba “information”, “furniture”, “luggage” na “advice” zote zimebandikwa hiyo hiyo. Kosa lililokuwa linaonekana kama makosa matano linageuka kuwa moja.

Walimu wengi hutumia kamusi hizi kwa miaka bila kuzitazama alama hizo ndogo. Husoma fasili, hufunga ukurasa, na hivyo huiacha nusu ya faida. Alama zinazotenga nomino inayohesabika na isiyohesabika, na kitenzi elekezi na kisoelekezi, ndizo zinazostahili kusomwa kwanza. Kitenzi “discuss” ni mfano mzuri. Kwa kuwa Kiswahili husema “kujadiliana kuhusu”, wanafunzi huandika “discuss about the problem”. Kamusi huonyesha kwamba “discuss” ni kitenzi elekezi: hupokea yambwa moja kwa moja, bila kihusishi.

Longman Dictionary of Contemporary English, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1978, ina sifa nyingine. Fasili zake hujengwa kwa msamiati teule wa takribani maneno 2000, hivyo neno gumu halielezwi kwa maneno magumu zaidi. Collins COBUILD ya mwaka 1987, iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham chini ya John Sinclair, ilikwenda mbali zaidi ikaandika fasili kwa sentensi kamili, namna mwalimu angeeleza kwa mdomo. Fasili zake zinapatikana sasa katika kamusi ya mtandaoni ya Collins. Kwa mwalimu anayetaka kusoma fasili kwa sauti darasani, hii ya mwisho huenda ikamfaa kuliko zote.

Nani ameshika kalamu?

Kamusi ya lugha mbili ina nafasi yake, na si haki kuidharau kama baadhi ya wakufunzi wafanyavyo. English–Swahili Dictionary ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya mwaka 1996 imewahudumia watafsiri na walimu kwa muda mrefu, na kamusi za mtandaoni za lugha hizi mbili humfikisha mtu kwenye neno analolitafuta kwa haraka. Tatizo huanza pale anapodhani kwamba amefika mwisho wa safari.

Chukua kitenzi “azima”. Mtu husema “nimeazima kalamu kwa Juma”, na husema pia “niazime kalamu yako”. Kitenzi ni kimoja, ingawa wapo wanaotenga “azimisha” kwa yule anayetoa. Kiingereza kina vitenzi viwili tofauti: “borrow” kwa anayepokea na “lend” kwa anayetoa. Mwanafunzi akifungua kamusi ya Kiswahili na Kiingereza akakuta “azima: borrow, lend”, hana njia ya kujua nani ameshika kalamu na nani anaitaka. Hapo ndipo hutokea “Please borrow me your pen”, sentensi inayosikika katika madarasa mengi ya Afrika Mashariki. Dawa yake ni hatua ya pili: baada ya kamusi ya lugha mbili, maneno yote mawili yatafutwe katika kamusi ya mwanafunzi, na mifano isomwe.

Mifano ya aina hii ni mingi, na mwalimu atafanya vyema kuikusanya mwenyewe katika daftari. “Mkono” ni “hand” na ni “arm”. “Mguu” ni “foot” na ni “leg”. “Kidole” cha mkono ni “finger”, cha mguu ni “toe”. “Saa” ni kifaa cha ukutani, kifaa cha mkononi, muda wa dakika 60 na pia wakati wa siku. “Kusikia” hutumika kwa sauti, kwa harufu na hata kwa njaa, na ndiyo maana mwanafunzi huandika “I hear a bad smell” bila wasiwasi wowote. Hajakosea kufikiri, amefikiri kwa Kiswahili safi.

Mashine za kutafsiri nazo zina mitego yake. Sentensi “Daktari amesema atakuja kesho” haimtaji mwanamume wala mwanamke, lakini Kiingereza kitadai “he” au “she”, na mashine hulazimika kukisia. “Saa moja asubuhi” huweza kugeuzwa kuwa saa saba za usiku, kwa sababu tarakimu imetafsiriwa na hesabu ya saa ya Waswahili imesahauliwa. Mwalimu mwerevu hazifichi mashine hizi kwa wanafunzi, maana watazitumia tu. Huleta tafsiri yenye kosa darasani, akaiandika ubaoni, akawataka wanafunzi waseme mashine imeteleza wapi.

Lugha kama inavyotumika

Yako maswali ambayo kamusi haiyajibu vizuri. Mwalimu anajua kwamba mvua inanyesha sana. Je, aseme “big rain”, “strong rain” au “heavy rain”? Yote matatu yanaeleweka, na hakuna kanuni ya sarufi inayokataza lolote. Hapa panahitajika kopasi, yaani hazina kubwa ya matini halisi iliyohifadhiwa kwenye kompyuta ili mtu aweze kupekua jinsi neno linavyotumika.

Njia nyepesi ya kuanza ni SkELL, ambayo haidai usajili. Mtu huandika “rain”, huchagua sehemu inayoonyesha maneno yanayoandamana nalo, na mara moja “heavy” hujitokeza. Mfumo ni mwepesi na hufanya kazi hata katika simu ya kawaida yenye intaneti.

Kopasi kubwa zaidi zinadai subira. British National Corpus ina maneno milioni 100 ya Kiingereza cha Uingereza cha mwishoni mwa karne ya 20. Corpus of Contemporary American English, iliyojengwa na Mark Davies, ina zaidi ya maneno bilioni moja. Inayopaswa kumvutia zaidi mwalimu wa Afrika Mashariki ni GloWbE, kopasi ya maneno yapatayo bilioni 1.9 yaliyokusanywa kutoka kurasa za mtandaoni za nchi 20, Kenya na Tanzania zikiwemo. Humo mwalimu anaweza kulinganisha matumizi ya nchi na nchi, na kuona kama usemi fulani una mizizi katika ukanda wake au ni kosa la darasa lake tu.

Ugunduzi huo huleta swali zito. Ikiwa “discuss about” inaandikwa na watu wengi wenye elimu, mwalimu ailaumu kwa haki gani? Jibu la kweli ni kwamba Kiingereza cha Afrika Mashariki kimekwisha kuwa na sura yake, na wataalamu wamekifanyia utafiti kama wanavyofanyia Kiingereza cha India au cha Nigeria. Mradi wa kimataifa wa International Corpus of English una sehemu yake ya Kenya na Tanzania. Hata hivyo mtihani wa taifa husahihishwa kwa kipimo kingine, na mwanafunzi ndiye atakayepoteza alama. Njia iliyo wazi ni kumweleza mwanafunzi ukweli wote: kwamba usemi huo unasikika, kwamba haumfanyi mjinga, na kwamba katika karatasi ya mtihani atauepuka.

Tahadhari moja kuhusu kopasi: huhifadhi yale yaliyoandikwa, makosa yakiwa humo pia. Mtu akitafuta kosa lolote katika maneno bilioni moja, atalipata. Kutokea mara tatu si ushahidi; kinachopimwa ni uwiano wa umbo moja na jingine.

Sikio kabla ya ulimi

Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza sanifu cha Uingereza kwa kawaida hueleezwa kuwa na irabu sahili 12 na irabu unganifu 8. Tofauti hiyo yatosha kueleza kwa nini “ship” na “sheep”, au “live” na “leave”, hutamkwa sawa katika madarasa mengi. Mtu hawezi kutamka tofauti asiyoisikia, kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya sikio. Kamusi zilizotajwa hapo juu zina vitufe viwili vya sauti, matamshi ya Uingereza na ya Marekani. YouGlish hutafuta neno katika video na kumpeleka msikilizaji mahali hasa linapotamkwa ndani ya sentensi, na Forvo huhifadhi sauti za wazungumzaji wa sehemu mbalimbali.

Mkazo ndio unaopuuzwa zaidi, na pengine ndio unaozuia mawasiliano kuliko irabu. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, na mzungumzaji wake hahitaji kufikiri. Kiingereza huuhamisha: katika “photograph” uko mwanzoni, katika “photographer” uko silabi ya pili, katika “photographic” uko ya tatu. Alama ndogo ya wima katika maandishi ya kifonetiki ya kamusi huonyesha mahali pake, na mwalimu akiwafundisha wanafunzi kuitambua alama hiyo peke yake, bila alama nyingine za fonetiki, atakuwa amewapa silaha ya maisha.

Kiswahili kina pia mazoea ya kuingiza irabu kati ya konsonanti za maneno ya kigeni. “Club” lilipoingia likawa “kilabu”. Mazoea yaliyotupatia neno zuri la Kiswahili ndiyo yanayomsumbua mwanafunzi anapogeuka kutamka neno lile lile kwa Kiingereza.

Kwa usikilizaji wa muda mrefu, BBC imekuwa ikitangaza masomo ya Kiingereza tangu mwaka 1943, na BBC Learning English ya leo hutoa vipindi vifupi pamoja na maandishi yake, ambavyo huweza kupakuliwa. Voice of America nayo ilianzisha mwaka 1959 matangazo ya Kiingereza chepesi, yakisomwa polepole kwa msamiati wa takribani maneno 1500. Hakuna ulazima wa mwalimu wa Songea au Kitui kusikika kama mtu wa London. Inatosha atenganishe sauti zinazotenganisha maana, na aweke mkazo mahali pake.

Orodha za maneno na mipaka yake

Mwaka 2001 Baraza la Ulaya lilichapisha viwango vya ujuzi wa lugha kuanzia A1 hadi C2, na siku hizi Cambridge Dictionary na Oxford Learner's Dictionaries huonyesha kiwango kando ya maneno mengi. Oxford wana pia chombo kinachopokea kifungu cha habari na kuonyesha maneno yake yako kiwango gani. Mwalimu anayetunga zoezi la ufahamu anaweza kukitumia kabla ya kwenda darasani.

Lakini orodha hizi zilipimwa kwa maisha mengine. “Snow” limo katika orodha ya maneno 3000 ya Oxford. “Hoe” na “cassava” hayamo. Mtoto wa Mtwara hula muhogo na hushika jembe kabla hajaona theluji hata katika picha. Orodha ichukuliwe kama mshauri, na mwalimu aongeze maneno ya mahali alipo bila kuomba ruhusa.

Matini ya kusomwa darasani

Tovuti ya TeachingEnglish ya British Council ina maandalio mengi ya masomo, yaliyoandikwa vizuri. Mengi, hata hivyo, yanadhania darasa la watu kumi na watano na mashine ya kurudufu nyaraka. Mwenye wanafunzi sabini atachukua wazo na kuacha karatasi: kifungu kiandikwe ubaoni, au kibandikwe ukutani katika pembe nne za chumba, na makundi yatume wasomaji wao kwa zamu.

African Storybook, mradi wa asasi ya Saide ya Afrika Kusini, una hadithi fupi zenye picha katika lugha nyingi za Afrika pamoja na Kiingereza. Hadithi moja huweza kupatikana kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na leseni yake huruhusu kunakili, kuchapa na hata kutafsiri. Kwa mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza aliyetoka kusoma kwa Kiswahili miaka saba, kusoma kisa kwanza kwa lugha anayoimudu, kisha kukirudia kwa ile anayojifunza, kunampunguzia hofu kuliko kitabu chochote cha kiada. TESSA, inayoratibiwa na Open University ya Uingereza, ina nyenzo za walimu kwa Kiswahili pia. Vitabu vya kiada vyenyewe viko katika maktaba ya mtandaoni ya Taasisi ya Elimu Tanzania na, kwa Kenya, katika Kenya Education Cloud ya KICD.

Gharama ya data haikwepeki. Mwalimu atapakua usiku, pale penye mtandao mzuri, na atafundisha mchana bila mtandao. Programu ya Kiwix humwezesha kuhifadhi katika simu au kompyuta nakala nzima ya Wikipedia ya Kiingereza chepesi au vitabu vya Project Gutenberg, vikasomeka hata mahali pasipo na mawimbi ya simu. Picha ya skrini ya vidahizo vitano vya somo la kesho nayo ni nyenzo, na haimgharimu chochote zaidi.

Siku inayofuata mwalimu wetu anarudi darasani. Anaandika ubaoni “few pieces of equipment”, anaeleza habari ya sukari na vijiko, kisha anawaandikia maneno mengine manne yenye tabia hiyo hiyo. Mwanafunzi wa nyuma ananyoosha mkono. Habari ni nyingi, asema, na neno “news” lina s mwishoni. Basi huo si wingi? Mwalimu alikwisha kukifungua kidahizo hicho jana usiku: s ipo, na nomino haihesabiki. Anageuka, anachukua chaki, na anaandika “The news is good.”